Asiyekujua Ndiye Atakayekusoma: Mafunzo Niliyopata Katika Kupanga Safari za Nje

Kwetu mtu akitaka kwenda nje, faili lake hupita mezani kwangu kabla ya kufika ubalozini. Ilianza nilipokwenda Ujerumani kumtembelea dada yangu anayeishi Hamburg. Baada yangu mama mdogo naye akataka kwenda, akafuata shemeji, kisha jirani ambaye mwanawe alikuwa anahitimu chuo, na baadaye watu nisiowajua waliotumwa na watu ninaowajua. Nimeyasoma mafaili hayo ukurasa kwa ukurasa, na nimezisoma pia barua za kunyimwa viza ambazo baadhi yao walikuwa wamezipata kabla ya kuja kwangu.

Nilichojifunza ni kwamba safari nyingi haziharibikii uwanja wa ndege. Zinaharibikia hapahapa nyumbani, wiki nyingi kabla, pale karatasi mbili za mtu mmoja zinaposema mambo mawili. Afisa anayezisoma hajui kwamba wewe ni mtu mwema, wala kwamba ukoo wenu unajulikana Temeke nzima. Anajua kilichoandikwa tu. Kwa hiyo nikipokea faili natazama kama jina, tarehe, pesa na njia vinasimulia safari ileile. Wengi niliowasaidia walikuwa wanakwenda Ulaya, ndiyo maana mifano yangu mingi ni ya huko.

1. Jina ni lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi

Hapa natumia muda mwingi kuliko penginepo. Mama mdogo ni Khadija kwenye pasipoti, Hadija kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwenye akaunti yake ya benki jina la babu lilikuwa limeachwa. Sisi hatushangai, maana karani aliandika alivyosikia na maisha yakaendelea. Kwa afisa aliyeko dirishani, hao ni watu watatu. Tulianza na benki kwa kuwa ndiyo rahisi: alipeleka pasipoti na kitambulisho cha NIDA, wakarekebisha. Cheti tulikiambatanisha na hati ya kiapo mbele ya wakili, inayoeleza kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja.

Tiketi nayo ifuate pasipoti. Mashirika ya ndege kwa kawaida hukubali kusahihisha herufi moja au mbili zilizokosewa, lakini kubadili jina zima ni jambo jingine, mara nyingi unanunua tiketi upya. Usimtajie wakala jina kwa ujumbe wa sauti. Mpigie picha ule ukurasa wenye sura yako, umtumie. Na mwanamke aliyeolewa asikatiwe tiketi kwa jina la mume ikiwa pasipoti yake ina jina la baba yake. Nimeliona hilo kwa watu wenye elimu zao, kwa sababu aliyelipa alikuwa mume na alidhani anamheshimu mkewe.

Suala la watoto ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto wetu hubeba jina la baba na la babu yake, ilhali mama ana jina la baba yake mwenyewe. Mwanamke akisafiri na mwanawe wa miaka mitano, pasipoti zao mbili hazina hata neno moja linalofanana. Mpakani anaulizwa kama kweli huyu ni mwanawe, tena mbele ya mtoto. Abebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili pamoja na barua ya ridhaa ya baba iliyoshuhudiwa na wakili. Ubalozi utaitaka ridhaa hiyo kwenye maombi ya viza ya mtoto, lakini nakala ibaki mkononi hadi safari iishe.

2. Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Watu wengi huanza na tarehe ya leo na kuuliza, “Nitapata viza lini?” Anza na siku unayotakiwa kuwa huko, urudi nyuma. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, huruhusiwa kupelekwa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45 kama faili linahitaji kuchunguzwa zaidi. Kabla ya hizo zote kuna kungoja miadi, na miadi huwa adimu miezi ya kuelekea likizo za Juni hadi Agosti. Mwenye harusi ya Julai anayeanza kuulizia Mei ameshabanwa.

Nyuma ya miadi kuna pasipoti yenyewe. Nchi za Schengen zinataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu. Nchi nyingine nyingi zinataka miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano pia ina tarehe zake: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Kichukue mapema hata kama unakokwenda hawakidai, kwa sababu ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye homa hiyo wakati wa kubadilisha ndege, unakofikia au unakorudi wanaweza kukidai.

3. Akaunti ya benki ionyeshe maisha yako

Shemeji anauza vipuri vya magari Kariakoo. Ni mtu mwenye uwezo, lakini pesa yake inazunguka kwenye simu na kwenye droo ya duka, benki anapita kwa nadra. Alitaka akope milioni 10 kwa kaka yake, aziweke kwenye akaunti, achukue taarifa ya benki, kisha azirudishe. Nilimkatalia. Ubalozi hauangalii salio la mwisho peke yake. Unaangalia miezi mitatu au zaidi ya kuingia na kutoka, na milioni 10 zilizotua wiki moja kabla ya miadi kwenye akaunti iliyokuwa imelala zinaonekana zilivyo.

Tuliisogeza safari mbele. Akaanza kupeleka benki mauzo ya duka kila jioni, kodi ya pango ikalipwa kupitia akaunti, mshahara wa kijana wake wa dukani vilevile. Tukaambatanisha leseni ya biashara, karatasi za kodi na mkataba wa pango. Karatasi hizo zina kazi mbili: zinaeleza pesa ilikotoka, na zinaeleza kwa nini atarudi. Hilo la pili ndilo wengi hulisahau. Kama umepata pesa nyingi kwa mkupuo na ni halali, mathalani umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauziano ndani ya faili na useme wazi.

Mwenyeji akikugharimia, barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa upendo haitoshi. Ujerumani wana hati rasmi, Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji huiomba kwenye ofisi ya wageni ya mji wake baada ya kuonyesha kipato chake, na kwa hati hiyo anawajibika kisheria kwa gharama zako. Dada yangu aliipata kabla hatujaomba miadi, na kila tarehe iliyomo tuliifuata.

Kuna watu wanaouza taarifa za benki za kughushi na barua za waajiri wasiokuwepo. Nawasihi ndugu zangu wasiwasogelee. Ombi lako na uamuzi wake hubaki kwenye mfumo wa viza wa nchi zote za Schengen kwa miaka 5, na ada ya euro 90 hairudishwi. Anayekuuzia karatasi hiyo hatasimama na wewe dirishani.

4. Omba kwa nchi inayostahili, na stika uisome kabla ya kushangilia

Schengen ni nchi 29, na viza moja inafungua zote, lakini huchagui ubalozi kwa kusikia kwamba kwa fulani ni rahisi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza. Si kila nchi ina ubalozi Dar es Salaam. Austria na Ugiriki, kwa mfano, hutuhudumia kutoka Nairobi, kwa hiyo uliza mapema maombi yako yanapokelewa wapi. Uingereza na Ireland hazimo kwenye Schengen, kila moja ina viza yake.

Pasipoti ikirudi, soma stika mstari kwa mstari. Mtu anaona viza inaanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 15 Julai, anadhani amepewa mwezi mmoja na nusu. Chini yake kuna sehemu ya idadi ya siku, imeandikwa 30. Hizo 30 ndizo za kukaa, popote utakapozianzia ndani ya kipindi kile, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuandikisha kwa kompyuta kuingia na kutoka kwa wageni badala ya kutegemea muhuri, kwa hiyo siku iliyozidi haijifichi. Angalia pia idadi ya kuingia. Ikiwa 01, ukitoka kwenda kumwona binamu London huwezi kurudi Hamburg, hata kama siku zako bado zipo.

5. Njia ya bei nafuu ichunguzwe kabla haijalipiwa

Jirani alipata tiketi mbili tofauti, Dar hadi Istanbul, kisha Istanbul hadi Ujerumani kwa shirika jingine, na alikuwa anaokoa pesa nzuri. Tulipozitazama, ya kwanza ilitua uwanja mkubwa wa Istanbul na ya pili iliondoka Sabiha Gökçen, upande wa Asia wa mji. Maana yake achukue mzigo, apite uhamiaji, awe na viza ya Uturuki ambayo hakuiomba, kisha avuke jiji zima. Na ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kitu. Akanunua tiketi moja inayounganisha safari nzima. Kwa tiketi ya namna hiyo mzigo unafika mwisho wenyewe, na ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine.

Ukipita Marekani, hata kwa saa mbili, lazima upite uhamiaji na uwe na viza. London nako mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya kupitia hata asipotoka eneo la abiria, isipokuwa ana kibali kinachomwondolea sharti hilo.

Kisha saa. Tiketi inasema tarehe 14, saa 00:35. Hiyo ni saa sita na dakika 35 za usiku wa kuamkia tarehe 14, na msafiri anatakiwa awe uwanjani tarehe 13, saa tatu na nusu usiku. Kila tiketi ninayoishika naiandikia pembeni kwa kalamu: siku ya kuondoka nyumbani, na saa kwa hesabu ya kwetu. Ndivyo nilivyomfanyia mama mdogo, na ndiyo karatasi aliyoibandika mlangoni.

6. Bima na dawa

Bima ya Schengen ifikie angalau euro 30,000 na ifunike siku zote za safari. Ukisogeza tiketi, sogeza na bima. Dawa zibaki kwenye makopo yake pamoja na cheti cha daktari, zote kwenye begi la mkononi. Anayepitia au kufikia Dubai ajue kwamba dawa za maumivu zenye tramadol au codeine zinadhibitiwa kule, ruhusa huombwa kabla.

7. Mkononi na mzigoni

Kuwa na viza hakumzuii afisa wa mpakani kukuuliza upya unafikia wapi, kwa nani, unarudi lini. Mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji viwe vimechapishwa na viko mkononi. Betri za kuchajia simu nazo ni za mkononi, hazikubaliki kwenye mzigo.

Zawadi zina sheria zake. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka kwetu aingie na nyama wala vyakula vya maziwa, kwa hiyo nyama kavu na samli hunyang’anywa. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, na maembe ni mojawapo. Lakini nazi, ndizi, nanasi na tende hazihitaji cheti hicho, na samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Dada yangu alikuwa ameomba maembe na samli. Mama mdogo alimfungia nazi, tende na dagaa wa Kigoma, akavipitisha vyote forodhani.