Rangi Si Kuiva

Maandiko ya kusoma: Luka 13:6–9, 1 Timotheo 3:6

Juma hili tujifunze kutoka kwa mmea ambao wengi wetu hatuna shambani. Unaitwa bluberi. Ni kichaka cha kimo cha mtu hivi, na tunda lake ni dogo, la mviringo, buluu iliyokoza, na juu yake kuna kitu cheupe kama vumbi.

Dada yangu mdogo anaishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Baridi ya huko si ya Limuru, ni theluji. Nilipomtembelea mara ya kwanza ilikuwa Mei, na miche yake mitatu ya aina ya Elliott ilikuwa na maua meupe kama kengele ndogo. Nikamkuta akiyatoa yote kwa vidole, anatupa chini.

"Wewe, si hayo ndiyo matunda?"

Akacheka. "Pasta, hii ina mwaka mmoja tu hapa. Nikiiacha izae sasa, nguvu yote itaenda kwa matunda na mizizi ibaki vile vile. Hata mwaka ujao nitayatoa."

Mizizi ya bluberi ni myembamba, haiendi chini sana, na haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hunyonyea maji. Tena inataka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5, kama vile majani chai yetu ya Kericho yanavyopenda. Udongo wake haukuwa hivyo, basi alichanganya salfa mwaka mzima kabla ya kupanda, maana salfa hufanya kazi polepole. Juu akafunika kwa majani ya msonobari ili unyevu usipotee. Mwaka mzima, na hana hata mche mmoja wa kuonyesha jirani! (Samadi mbichi hakutia. Ile iliyofaa mtini wa Luka 13 ingeunguza mizizi hii. Kila mmea na matunzo yake.)

Nilisikia, lakini sikushika. Mwaka huohuo nilirudi nyumbani nikampa kijana mmoja maikrofoni. Alikuwa ameokoka miezi minne. Ushuhuda wake ulitoa watu machozi. Nikampa vijana awaongoze, kisha mikesha, kisha mikutano ya nje. Hakuna aliyemuuliza anaomba saa ngapi, ama kwao wanakula nini. Paulo anamwonya Timotheo asimpe uangalizi mtu aliyeongoka juzi, asije akajivuna na kuanguka. Andiko hilo nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Alipoanguka, sisi tuliompigia makofi ndio tulikuwa wa kwanza kumsema. Akaacha kuja.

Miaka ikapita, nikaenda tena Michigan, mwisho wa Agosti. Aina za mapema za majirani zilikuwa zimechumwa tangu Julai. Elliott huchelewa, Agosti kuelekea Septemba. Nikaona buluu, nikajaza kiganja, nikatia mdomoni. Ukali wake!

"Nani alikuambia zimeiva?" dada akauliza. "Hii hubadilika rangi kwanza, utamu unakuja baadaye. Ipe siku kama saba, hata kumi. Ukiigusa ikuangukie mkononi yenyewe, sawa. Ukilazimika kuvuta, umeharakisha."

Nilisimama pale nikimkumbuka yule kijana. Nilikuwa nimeona rangi.

Sasa turudi kwa Luka. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kulalamika, miaka mitatu si mchezo. Lakini angalieni ombi la mtunzaji: hakuomba muda peke yake, aliomba muda na jembe. Alisema atachimba, atatia samadi. Kumwambia mtu asubiri halafu usimpalilie, huko ni kumsahau tu, hata tukikuita uvumilivu.

Kwa hiyo wazee wamekubali: kuanzia mwezi ujao kila anayeokoka atapewa mlezi mmoja, na atahudhuria darasa mwaka mzima kabla ya kusimama madhabahuni. Najua kuna watakaosema tunazima moto. Njooni tuongee, ofisi iko wazi Jumatano.

Yule kijana nilimpigia simu wiki iliyopita. Alishika. Nikamwomba msamaha kwa kumtuma kabla ya wakati, na kwa kumwacha. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama ibada ya kwanza bado huanza saa mbili.