Longisa: Aliyeacha Shule Bado Ana Njia ya Kurudi

Kijana wa miaka 15 anayeosha pikipiki saa nne asubuhi kando ya barabara ya Bomet–Narok hajamaliza shule. Amekatiza tu. Wazazi wengi hudhani kwamba karo ikikosekana, alama zikiwa za chini au msichana akipata mimba, masomo yameisha. Sheria haisemi hivyo.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inahesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu hiyo. Mwanafunzi akikosa kuhudhuria, sheria hiyo inamtaka mwalimu mkuu achunguze. Pasipo sababu ya kuridhisha, humwandikia mzazi na kupeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mzazi anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Faini, hata hivyo, haimlipii mtu karo. Linalosaidia zaidi ni mzazi kufika shuleni wiki ileile mtoto anapoanza kukosa, kabla hajazoea kushika pesa zake.

Karo ikishinda

Tangu 2018, Serikali ya Kitaifa imepanga Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Katika shule ya kutwa mzazi hubaki na sare, chakula cha mchana na mahitaji madogo, mzigo ambao ni mwepesi kuliko wa bweni. Familia iliyoshindwa na bweni iulize mapema kuhusu uhamisho wa kwenda shule ya kutwa iliyo karibu. Kumweka mtoto nyumbani muhula mzima akingoja basari ni hasara, na wapo wanaozoea kungoja wasirudi tena. Basari ya NG-CDF ya Bomet Mashariki iombwe mara tu fomu zinapotangazwa.

Kibarua cha majani chai

Longisa si eneo la chai nyingi kama Konoin, lakini wapo vijana wanaovuka kwenda kutafuta kibarua huko au Kericho. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa, na wa miaka 13 hadi 15 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kwenda shule. Isitoshe, mashine za kuchuma zimeongezeka katika mashamba makubwa, na nafasi za wachumaji wa mkono zinapungua. Anayeacha Gredi ya 9 kwa ajili ya kazi hiyo anaikimbilia ikiwa inaondoka.

Msichana aliyejifungua

Sera ya kumruhusu arudi shuleni ipo tangu 1994, na mwongozo wa 2020 umeifafanua. Msichana mjamzito huruhusiwa kuendelea kusoma kadiri inavyowezekana, na hurudi baada ya kujifungua. Shule haina ruhusa ya kumfukuza. Nyumbani, swali gumu huwa ni nani atabaki na mtoto. Nyanya na shangazi wakubaliane mapema, hata kabla ya kujifungua.

Vyuo vya ufundi

Katiba imekabidhi kaunti zile zilizoitwa polytechnic za vijiji, ambazo leo ni vyuo vya mafunzo ya ufundi. Kozi za kuanzia hazidai alama za juu. Kijana anaweza kujifunza uashi, ushonaji, umeme au ufundi wa magari, kisha akafanya mtihani wa NITA wa daraja la III na kupanda hadi la I. Njia hii inamfaa hasa aliyepita umri wa kukaa darasani na wadogo zake.

Kwa shule au chuo, mzazi aje na cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mwisho ya mtoto. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie kwa naibu wa chifu wa eneo lake, na asingoje siku ya kufungua shule.