Siku ya Kupumzika Katika Hija ya Namugongo

Kila mwaka, uingiapo mwezi wa Mei, waumini kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, pamoja na wenyeji wa Uganda wenyewe, hushika njia kwa miguu kwenda Namugongo, ili waiwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Tabibu wetu, ambaye hufuatana na misafara iingiayo kwa mpaka wa Busia, anajibu maswali ya wasomaji juu ya jambo ambalo aghalabu hukumbukwa miguu ikiisha kuharibika.

SWALI: Nimeweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka Namugongo. Je, nikishinda siku nzima njiani bila kutembea, sitakuwa nimeipunguza nadhiri yangu?

JIBU: La, mama yangu, hutakuwa umeipunguza hata kidogo, maana aliyeahidi kutembea hakuahidi kutopumzika. Nabii Eliya, tusomavyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, alipochoka jangwani alilala chini ya mti, na malaika hakumkemea, bali alimwamsha ale na anywe, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na ndipo akapata nguvu ya kwenda siku arobaini mpaka Horebu. Kadhalika mapadre walioipeleka dini yao Buganda mwaka 1879 walikuwa wametoka Bagamoyo mwaka uliotangulia kwa njia ya misafara, wakapitia Tabora, mahali ambapo desturi ya kila msafara ilikuwa kutua mizigo na kukaa siku nyingi kabla ya kuendelea.

Najua wako wasemao kwamba Karoli Lwanga na wenzake hawakupumzishwa walipotolewa Munyonyo wakiwa wamefungwa na kupelekwa Namugongo, walikochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Ni kweli, lakini mashaka yale walitiwa na wauaji wao, wala sioni kwamba ni ibada kwa hujaji kujifanyia mwenyewe kazi ya wauaji wale. Sisi twaenda kuwaheshimu, na mwenye kuheshimu hufika akiwa na akili timamu ya kusali.

SWALI: Kwani usingizi wa usiku hautoshi?

JIBU: Usingizi huondoa uchovu wa macho na wa moyo, ilhali nyama za miguu, ambazo hupata michaniko midogo midogo kwa kila kilometa, hasa katika kuteremka, hutaka muda mrefu zaidi, na kano, kwa kuwa hazipati damu nyingi, hutengenea polepole kuliko nyama. Akiba ya sukari iliyomo mwilini nayo, ikiisha kutumika siku kadhaa mfululizo, hairudi yote kwa sahani moja ya ugali wa jioni.

SWALI: Sisi hutokea Busia. Tupumzike wapi, na siku gani?

JIBU: Hesabuni kutoka mwisho kurudi nyuma. Kutoka Jinja mpaka Namugongo ni kama kilometa 70 hivi, yaani siku tatu kwa kundi lenye wazee. Kwa hiyo anayetaka kuingia Namugongo jioni ya tarehe 2 Juni hana budi kuondoka Jinja alfajiri ya tarehe 31 Mei, na siku ya kupumzika itakuwa tarehe 30. Nashauri Jinja kwa sababu mmekwisha kutembea siku tano hivi, pana maji, soko na tabibu, na mbele yenu iko barabara ipitayo katika msitu wa Mabira, yenye malori mengi, ambayo haifai kuingiwa na mtu achechemeaye. Wanaoanzia Eldoret au Nakuru wachukue siku nyingine kabla ya mpaka. Wala msiseme kwamba mtapumzika mkifika, kwa kuwa katika umati ule hata pa kunyosha mguu ni taabu kupata.

SWALI: Siku hiyo tuitumie vipi?

JIBU: Anzeni na viatu: toeni soli za ndani, zianikeni juani pamoja na soksi, maana mvua za masika bado zipo na unyevu ndio mama wa malengelenge. Osheni miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, bila kuiloweka mpaka ngozi ikalainika, kisha kausheni vizuri baina ya vidole. Lengelenge dogo lisilouma liacheni. Lililojaa na kuuma litobolewe pembeni, karibu na ngozi nzima, kwa sindano iliyochemshwa, na maji yake yakamuliwe taratibu kwa kitambaa safi. Ile ngozi ya juu msiibandue kamwe, kwa kuwa hakuna plasta iipitayo kwa kukinga kidonda. Mwenye kisukari asijitoboe mwenyewe, aende zahanati.

Baada ya hapo kuleni vizuri, laleni, na alasiri mtembee nusu saa bila mzigo ili viungo visikaze. Chanzo cha Nili ki karibu na mji, na hamu ya kukiona ni halali, lakini nendeni kwa bodaboda.

SWALI: Vijana wa kundi letu hawataki kupumzika. Nifanyeje mimi kiongozi?

JIBU: Itangazwe siku hiyo nyumbani, kabla ya mtu kufunga mzigo, wala isiachiwe kujadiliwa njiani, kwa sababu njiani mwenye nguvu husema kwa sauti na mwenye maumivu hunyamaza kwa haya. Nimewaona wazee wakificha kidonda mpaka soksi ikagandamana nacho, kisa wasiwacheleweshe wenzao. Kundi lililosali pamoja tangu mpakani liingie Namugongo pamoja.

SWALI: Na maumivu yasipopoa hata baada ya siku hiyo?

JIBU: Bonyeza muundi wa mguu kwa kidole kimoja. Ikiwa pauma mahali pamoja tu, juu ya mfupa, na maumivu huzidi ukikanyaga, huenda mfupa umeanza kupata ufa, na dawa yake si mafuta ya kuchua. Panda gari siku hiyo hiyo, ukaonwe na daktari, kisha uwasubiri wenzako mbele.