Uzito wa "Huenda": Lugha katika Rufaa za Fidia ya Ugonjwa wa Moyo za Askari wa Zamani wa Marekani

Rejista ya sheria imezoeleka kuchunguzwa mahakamani, mbele ya hakimu, wakili na shahidi aliyekula kiapo. Ipo hata hivyo sehemu ya sheria ambamo mdai aghalabu hamwoni mwamuzi wake, na kesi nzima huamuliwa kwa karatasi. Hiyo ndiyo hali ya rufaa nyingi za fidia ya ulemavu zinazowasilishwa na askari wa zamani nchini Marekani, na hasa zile zinazohusu ugonjwa wa moyo. Makala haya yanazitazama rufaa hizo kwa jicho la mwanalugha. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mgonjwa huweza kushinda au kushindwa kwa sababu ya neno moja katika barua ya daktari, na kwamba Kiswahili kikitumiwa bila uangalifu huweza kulificha neno hilo. Suala lenyewe si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mnamo 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango wa kuwasajili wageni wenye ujuzi wa lugha maalumu, Kiswahili kikiwemo, na mpango huo uliendelea hadi uliposimamishwa mwaka wa 2016. Waliosajiliwa chini yake nao wamekuwa, au watakuwa, askari wa zamani.

Ili alipwe, mdai hutakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana ugonjwa sasa, kwamba kuna jambo lililompata akiwa kazini, na kwamba ugonjwa huo unafungamana na jambo hilo. Hili la tatu ndilo linalowatesa wagonjwa wa moyo. Mguu uliokatika vitani una tarehe yake, moyo hauna. Kijana huacha jeshi akiwa na miaka 22, kifua kikaanza kumbana akiwa na 60, na katikati hapo kuna sigara, chakula, urithi wa ukoo na uzee wenyewe. Basi daktari huulizwa maoni yake, na maoni hayo hayatakiwi kuwa ya yakini. Sheria inasema kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka humfaidi mdai. Mwaka wa 1990 mahakama inayoshughulikia rufaa hizi, iliyoundwa kwa sheria ya 1988, iliifananisha kanuni hiyo na mchezo wa besiboli: mkimbiaji na mpira wakifika pamoja, mkimbiaji ndiye anayepewa haki. Kwa hiyo daktari anachohitaji kuandika ni kwamba uwezekano wa ufungamano huo haupungui nusu.

Ajabu ni kwamba tahadhari ya kitaaluma humfanya daktari aandike chini ya kipimo hicho. Huandika kwamba huenda ugonjwa ulitokana na utumishi. Mwaka wa 1992 mahakama hiyo hiyo ilishikilia kwamba kauli ya namna ya "huenda ndivyo, huenda sivyo" ni ya kukisia tu na haiwezi kulibeba dai. Daktari huyo alidhani anamsaidia mgonjwa wake; kumbe amemwondolea ushahidi.

Hapa Kiswahili kina jambo la kujifunza. Katika mazungumzo ya kila siku huenda, labda, pengine na yamkini hubadilishana nafasi bila msikilizaji kushtuka. "Huenda mvua ikanyesha" na "yamkini mvua itanyesha" zinaweza kutamkwa na mtu yule yule akitazama wingu lile lile. Hakuna kati ya maneno haya linalomwambia msikilizaji kama mzani umefika katikati au la. Mfasiri atakayeitafsiri kauli ya nusu kwa nusu kwa kutumia "huenda" atakuwa ameigeuza hukumu. Pengine njia salama ni kuacha vielezi hivi kabisa na kutumia kirai kinachotaja kipimo, kwa mfano "kwa uwezekano usiopungua nusu". Ni kirai kizito na hakina utamu wowote, lakini utamu haumlipi mjane fidia.

Tatizo jingine limo katika vitenzi. Dai linaweza kupitia ugonjwa mwingine uliokwisha kukubaliwa, kwa mfano mfadhaiko uliotokana na kiwewe cha vita. Kanuni inaruhusu njia mbili: ugonjwa wa kwanza uwe umesababisha ule wa moyo, au uwe umeuzidisha. Kusababisha na kuzidisha vyote ni vitenzi vya kutendesha, na kwa msomaji wa haraka vinakaribiana. Kisheria ni maswali mawili. Daktari akikanusha la kwanza na kunyamaza kuhusu la pili, maoni yake hayatoshi, na Bodi ya Rufaa huweza kulirudisha faili likachunguzwe upya. Miezi hupita huku moyo ukiendelea na shughuli zake.

Ipo njia ambayo humwondolea mdai mzigo wa kuthibitisha ufungamano, nayo ni uchukulio wa kisheria. Kati ya 1962 na 1971 Marekani ilinyunyizia misitu ya Vietnam kemikali za kupukutisha majani, maarufu zaidi ikiwa Agent Orange, iliyochanganyika na sumu ya dioksini. Tarehe 31 Agosti 2010 ugonjwa wa iskemia ya moyo, yaani ule wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe kuziba au kuwa myembamba, uliingizwa katika orodha ya magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na kemikali hizo. Shinikizo la damu liliachwa nje, likaingizwa kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022. Kwa miaka 12, basi, tofauti ya majina mawili ya ugonjwa ilikuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Msemaji wa Kiswahili anayesema "ana presha" akimaanisha ugonjwa wowote wa moyo angekuwa amejiweka upande usiolipwa. Nayo tafsiri ya "upungufu wa damu moyoni", ambayo huonekana nyepesi na ya kizalendo, humpeleka msomaji kwenye anemia. Heri iskemia, ingawa ni ya kukopwa.

Uchukulio huo nao ulifungwa kwa swali la mahali, na hili litawapendeza wapenzi wa ngeli. Sheria ilimtaka askari awe ametumikia katika Jamhuri ya Vietnam. Je, baharia aliyekuwa melini karibu na pwani alikuwa humo? Mwaka wa 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliukubali ufafanuzi wa serikali kwamba sharti awe alikanyaga nchi kavu au aliingia katika maji ya ndani. Januari 2019 mahakama hiyo hiyo ikabadili msimamo: bahari ya nchi, hadi maili 12 za baharini, ni sehemu ya nchi. Kihusishi kimoja cha Kiingereza kilikuwa kimebeba yote hayo. Kiswahili kingelazimika kuchagua. Ufafanuzi wa 2008 ni wa "mle". Wa 2019 unakaribia "kule". Mabaharia walikaa zaidi ya miaka 10 kati ya vionyeshi hivi viwili.

Ugonjwa ukishakubaliwa, hubaki kiwango. Moyo hupimwa kwa kizio kiitwacho meti, ambapo meti 1 ni nguvu anayotumia mtu akiwa ametulia. Anayeishiwa pumzi kwa kazi ya meti 5.1 hadi 7 hupewa asilimia 30, wa 3.1 hadi 5 hupewa 60. Wa 3 au chini yake hupewa 100. Mgonjwa asipoweza kupimwa akifanya mazoezi, daktari hukadiria kwa kumhoji. Anapoulizwa kama anaweza kupanda ngazi, hujibu "naweza", bila kutaja kwamba husimama mara tatu njiani. Kitenzi -weza hakisemi kwa gharama gani. Tena adabu ya Kiswahili humtaka hata mgonjwa aitikie "sijambo" kabla ya kueleza lolote, na wapo wanaoishia hapo hapo. Mke anaweza kuandika alichokiona, kwa mfano jinsi mumewe anavyoamka usiku akihema. Kuutaja ugonjwa uliosababisha hali hiyo ni kazi ya daktari.

Tangu tarehe 19 Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu: kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie uamuzi, kwenda kwa Bodi, au kuwasilisha dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Akifanya hivyo ndani ya mwaka 1, huweza kuihifadhi tarehe ambayo malipo yangeanzia. Bodi ikimkataa, ana siku 120 za kwenda mahakamani. Ushahidi huo mpya si lazima uwe picha mpya ya moyo. Unaweza kuwa barua ya pili kutoka kwa daktari yule yule, inayoeleza sababu zake hatua kwa hatua, na ambamo "huenda" imeondolewa na mahali pake pakaandikwa kwamba uwezekano haupungui nusu, ikiwa kweli hivyo ndivyo anavyoamini.