KABLA YA KUFUNGUA INJINI, PIMA

Mwaka huu sikutaka kuwaandikia hadithi ya sungura na fisi. Nataka tufunzane jambo nililojionea likizo ya Agosti, nikiwa nimejaa oili hadi kwenye viwiko.

Mjomba wangu ana Toyota Corolla ya 1994 yenye injini ya 4A-FE. Gari hilo ndilo hubeba watu na magunia ya viazi hadi sokoni, na niseme ukweli, ndilo hunilipia karo. Mwaka jana lilianza kutoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu mlimani. Fundi mmoja anayesifiwa sana pale kituoni akamwambia, "Mzee, hii tunaitia ringi mpya tu, itapaa kama ndege." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ringi zikatiwa bila chochote kupimwa. Mwezi haukuisha, moshi ukarudi, nami nikarudishwa nyumbani kutafuta karo.

Je, kwa nini ringi mpya hazikufaa? Fikiria kinu na mchi. Silinda ni kinu na pistoni ni mchi, ila mchi huu umeachiwa uwazi mwembamba sana unaozibwa na ringi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Sasa piga hesabu ya miaka na miaka! Kinu huliwa, tena hakiliwi sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, palipo na moto mkali, na zaidi katika zile pande mbili ambazo pistoni huegemea, hata tundu likawa na umbo la yai. Ringi ya mviringo itazibaje yai? Oili hupanda, huungua, na moshi ndio huo.

Safari hii tulikwenda Nairobi. Spea tulizitafuta Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, lakini injini tuliipeleka kwa mtaalamu mwenye mashine za kuchonga silinda katika Eneo la Viwanda. Mzee huyo hakutaja bei. Alichukua kipimo chake, akapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, akiandika kwenye daftari. Halafu akauliza, "Hili gari ni la kazi gani?"

"Nataka nguvu," mjomba akajibu. "Chonga milimita nzima, na hedi uikate pia."

"Nguvu ya kukimbia ama ya kupanda mlima na mzigo?"

Mjomba akanyamaza. Mzee akanigeukia, "Wewe si mwanafunzi? Hebu piga hesabu." Upana wa silinda ni milimita 81, na mwendo wa pistoni ni milimita 77. Kwa silinda nne unapata sentimita mchemraba 1,587. Ukiongeza nusu milimita kwenye upana, unapata 1,607. Ongezeko ni 20 tu, yaani vijiko vinne vya chai! Kumbe kuchonga si kwa ajili ya nguvu mpya. Ni kurudisha tundu liwe la mviringo, na ukichonga kupita kiasi leo, kesho hutabakiwa na chuma cha kuchonga.

Kuhusu hedi alikuwa mkali. Ukiikata sana, hewa na petroli hubanwa kupita kiasi, na sehemu yake hujiwasha yenyewe badala ya kungoja moto wa plagi. Injini hugonga, na pistoni huweza kuvunjika. Yeye aliisawazisha tu pale ilipokuwa imepinda.

Tena alikataa kuanza kazi kabla hatujanunua pistoni. "Sichongi tundu la pistoni ambayo sijaishika," alisema, akaipima kila moja na kuchonga silinda yake kulingana nayo. Mwisho alikwaruza kuta kwa mistari myembamba inayokatana, ili ishike oili. Bolti za hedi zilikazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Mjomba alinung'unika kwamba siku nne ni nyingi mno. Mimi nilitamani ziwe kumi!

Tulipewa karatasi yenye vipimo vyote, nayo mjomba ameihifadhi pamoja na hati ya shamba. Aliagizwa kwamba kwa kilomita 1,000 za kwanza asiipigishe injini kelele wala kubeba mizigo mizito, na abadilishe oili mapema. Basi viazi vinangoja, na nusu ya karo yangu ya muhula huu inangoja pia. Jumapili ya kutembelewa alinieleza kwamba amefikisha 640.