Baada ya Death Note, nitazame nini?

Swali: Nimemaliza Death Note na Light bado hajanitoka akilini. Nataka anime nyingine ya watu wanaowindana kwa akili, si kwa ngumi. Nianze na ipi?

Jibu: Anza na Monster. Ni kazi ya studio ileile, Madhouse, iliyoanza kurushwa mwaka 2004, nayo ina vipindi 74. Daktari Tenma, Mjapani anayepasua ubongo huko Ujerumani, anaamriwa amwache mtoto aliyepigwa risasi kichwani akamtibu meya. Anakataa. Mtoto anapona, meya anakufa, na miaka kadhaa baadaye Tenma anagundua kwamba aliyemwokoa ni muuaji. Light alijipa mamlaka ya kuamua nani afe. Tenma aliamini kila uhai una thamani sawa, na sasa imani hiyo inamtesa. Hapa hakuna daftari wala shetani. Inakwenda polepole, lakini vumilia: kwangu mimi hii ndiyo bora kuliko zote za aina yake, hata kuliko Death Note yenyewe.

Ukimkumbuka zaidi Light mwenyewe, kijana mwerevu anayeficha uso wake, basi Code Geass ya 2006 itakufaa. Lelouch anaweza kumwamuru mtu lolote kwa kumtazama machoni, ila mara moja tu kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba anapigana kwa ajili ya mdogo wake, Nunnally, asiyeona. Vipindi ni 50.

Tafadhali, usisome muhtasari wa mwisho wake kabla hujafika.