Kabla ya Kwenda Mnadani: Hesabu Njia Zako za Kuchagua

Mfugaji, kiangazi kikirefuka mbuzi hukonda na bei hushuka. Ni vema kuuza mapema, wakiwa bado na nyama. Lakini nani aende na nani abaki? Usiuze tu yule aliyekamatwa kwanza zizini. Hesabu kwanza.

MFANO
Kaya inahitaji kuuza mbuzi 2 ili inunue mahindi. Wanaofikiriwa ni 5:
• Madoa: jike mwenye mimba
• Nyeupe: jike kijana, hajazaa bado
• Kijivu: jike mzee, meno yameng'oka
• Nyeusi: dume aliyehasiwa
• Nyekundu: jike asiyeshika mimba misimu 2

HATUA YA 1: Hesabu jozi zote
Madoa anaweza kwenda na mmoja wa wenzake 4. Nyeupe ana jozi mpya 3, kwa kuwa ile ya Madoa tumeshaihesabu. Kijivu ana 2, Nyeusi 1.
4 + 3 + 2 + 1 = jozi 10.

Njia fupi: 5 × 4 = 20, gawanya kwa 2 = 10. Tunagawanya kwa 2 kwa sababu "Madoa na Nyeusi" ni jozi ileile ya "Nyeusi na Madoa".

HATUA YA 2: Ondoa wasiofaa kuuzwa
Mimba ya mbuzi huchukua takriban miezi 5. Ukimuuza Madoa, umeuza pia mtoto na maziwa yake. Nyeupe naye ni zizi la kesho. Wanabaki 3:
3 × 2 = 6, gawanya kwa 2 = jozi 3.

Angalia hapo: kati ya jozi 10, jozi 7 zina Madoa, au Nyeupe, au wote wawili. Anayekamata bila kuchagua hupoteza uzao kwa urahisi.

HATUA YA 3: Amueni pamoja
Jozi zilizobaki ni Kijivu na Nyeusi, Kijivu na Nyekundu, Nyeusi na Nyekundu. Kijivu hawezi kutafuna vizuri majani makavu, hivyo atakonda mapema, atangulie. Kuhusu mwenzake, msikilizeni anayekamua na anayechunga. Hao ndio wanaowajua mbuzi.

ZOEZI
Una mbuzi 6, na 2 kati yao wana mimba. Unataka kuuza 2. Jozi zote ni ngapi? Zisizo na mwenye mimba ni ngapi?
(Jibu: 15, 6.)

KUMBUKA
• Mbuzi aliyetibiwa asiuzwe kwa nyama kabla ya kuisha siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Mwondoe kwenye hesabu hadi siku hizo zipite.
• Huna uhakika kama jike ana mimba? Muulize mtaalamu wa mifugo wa eneo lako kabla ya siku ya mnada.